Barua kutoka Unguja: Kalamu Sita za Babu

Shangazi mpenzi,

Mguu wa Bibi umetulia, na ile dawa ya kuchua uliyompelekea anasema inanuka kama dagaa wa juzi lakini kazi inafanya. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto, maana leo nimeuzunguka Mji Mkongwe tangu asubuhi mpaka baada ya magharibi na mkebe wa biskuti kwapani. Nimeona nikuandikie usiku huu huu, kabla sijachanganya nani kasema nini.

Unajua nilikuja kumhamishia Bibi vitu vya stoo, kwa vile vuli imeanza na bati la upande wa uani linavuja. Basi juzi, nyuma ya mikeka iliyoliwa na mchwa na ile cherehani isiyo na gurudumu, nikakuta mkebe umefungwa kamba ya katani. Ndani mna kalamu za wino sita, zimeviringishwa kwenye kipande cha leso ya zamani, pamoja na kichupa cha Quink ambacho wino wake umekauka wote ukabaki ukoko wa buluu. Bibi alipoziona akakaa kitako pale pale kizingitini. "Za babu yako hizo," akaniambia. "Hakuzigusa mtu mwengine." Kisha akacheka, akasema wewe ulizigusa siku moja ukiwa na miaka sita, na ukuta wa ukumbini ukaota maua ya buluu. Habari hiyo nataka kuisikia kwa kinywa chako.

Haikupita saa moja Baba Mdogo akapiga simu. Sijui nani alimwambia. Akauliza zina thamani gani, kwa sababu fundi wa bati anataka shilingi 450,000, na kama kalamu zinaweza kulipa bati, basi Babu atakuwa ametuezekea nyumba mara ya pili. Nikasema nitazitembeza nijue. Ndiyo safari yenyewe hii.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo moja. Usiku ule wa kwanza shauku ilinizidi. Nikaichukua ile nene nyeusi kuliko zote, iliyokuwa imeganda wino shingoni, nikailaza katika bakuli la maji ya vuguvugu mpaka asubuhi ili ilainike. Ililala nyeusi tii, ikaamka rangi ya chai ya mkandaa. Wino ulitoka kweli, maji yakawa buluu, na bakuli lenyewe, lile la uji la Bibi lenye waridi, limebaki na duara la buluu ambalo hata majivu hayajalitoa. Bibi hakusema kitu. Alilitazama, akanitazama, akaenda kutia uji wake kwenye kikombe.

Leo asubuhi basi, baada ya chai ya tangawizi na mbaazi za nazi (maandazi tunanunua kwa jirani, shilingi 200 moja, bado anatia iliki kama zamani), nikashika njia ya Darajani. Bibi alinielekeza kwa fundi wa saa mmoja ambaye, kwa maneno yake, "aliwahi kumtengenezea babu yako kalamu mara mbili na mara zote akakataa pesa." Nimemkuta. Anakaa chini ya ngazi za nyumba kongwe, kati ya kijana anayeuza makava ya simu na mama mmoja wa viungo, kwa hiyo ukizungumza naye unanusa karafuu na mdalasini muda wote. Meza yake haizidi sinia la pilau. Ana kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikalainika, na lenzi ya jichoni ameifunga kwa uzi inaning'inia kifuani kama hirizi.

Nikampa salamu, nikafungua mkebe. Akazitazama bila kuzigusa. Swali lake la kwanza: "Umezisafisha?"

"Moja tu, mzee."

"Hii," akasema, akainyooshea kidole ile ya rangi ya chai kabla sijamwonyesha. Akaisugua kwa dole gumba, haraka haraka mpaka ikapata joto, akaniletea puani. Shangazi, ilinuka njiti ya kiberiti iliyozimwa! Akanieleza kuwa kalamu hizi nyeusi za zamani ni ebonaiti, mpira uliopikwa kwa salfa ukawa mgumu kama pembe. Jua na maji ndio maadui zake. Ukiilaza majini, ngozi ya juu hubadilika rangi, na maji ya moto huharakisha. Weusi wa juu unaweza kurudishwa kwa kuisugua, lakini ukisugua unaondoa na vile vistari vidogo vilivyochorwa mwilini na maandishi ya kiwandani, na mnunuzi anayejua huvitafuta hivyo kabla ya kitu chochote. Nilisikia vibaya sana. Aliona, akanigonga mkono kidogo, akasema, "Nibu yake nzima. Usilie."

Hapo ndipo akawasha tochi ya simu. Sikutegemea. Hakuimulika kalamu kutoka juu, aliilaza mezani na kuleta mwanga ubavuni, chini kabisa, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Na maandishi ambayo mimi nilikuwa nimeyatafuta siku mbili nisiyaone yakainuka yenyewe, kila herufi na kivuli chake. Kwenye ile niliyoiharibu pakatokea jina Swan na bata maji mdogo anaogelea. Ni kalamu ya Mabie Todd, ya Kiingereza. Kwenye ile ya kijani yenye mawimbi kama marumaru na mishipa ya dhahabu pakatokea Conway Stewart, na chini yake namba 84. Namba ndiyo jina lake kamili, akasema. Wale waliunda kalamu za namba nyingi, na mtu akikuuliza bei ya Conway Stewart bila namba ni sawa na kuuliza bei ya samaki bila kusema changu au papa.

Ile ya kijani nayo aliisugua akanipa ninuse. Kafuri. Kafuri ile ile, Shangazi. Nilirudi mara moja siku ya kumwosha Babu, nikanyamaza. Fundi akadhani sikusikia harufu, akaisugua tena. Alikuwa akinifundisha kwamba hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani iliyotiwa kafuri wakati wa kutengenezwa, na hata baada ya miaka sitini ukiipasha joto kwa kidole inatoa. Nikamwambia nimesikia.

Ubavuni ina wenzo mdogo wa chuma, wa kuinua kwa ukucha. Ndani yake kulikuwa na kifuko cha mpira. Ukiinua wenzo unakikamua, ukiuachia kinanyonya wino. Nilikuwa tayari kuuinua, akanishika mkono. Mpira ule umeshakauka ukawa kama ganda la yai. Ukilazimisha, ama wenzo unakatika ama unatoboa mwili, na kalamu iliyotobolewa haina wa kuitaka. Mpira mpya ni kitu cha bei ndogo, unabandikwa kwa shelaki kidogo, kazi ya nusu saa kwa mtu anayeijua. Yeye hana mipira hiyo siku hizi. Zamani ilikuja kwa pakiti.

Sasa nikufikishe kwenye zile mbili zilizokuwa zikinichanganya. Zote nyeusi, nyembamba, zote zina kifuniko cha chuma cha rangi ya fedha, na zote nibu yake imejificha ndani ya kofia ya plastiki, inachungulia kwa ncha tu kama kobe. Mimi nilizihesabu mapacha. Fundi alichomoa vifuniko vyote viwili, akavigeuza kwenye mwanga. Kimoja kina mshale kwenye klipu na chini, kwa herufi ndogo mno, jina la Parker na maneno ya kusema imetengenezwa Uingereza. Kingine kina neno Hero na herufi za Kichina. "Huyu Mwingereza," akasema, "na huyu mdogo wake wa Shanghai." Akazipima mkononi moja moja, akanipa nami nipime. Hata kwa macho yaliyofumbwa unaijua Parker, imetulia mkononi, na kifuniko chake hakibofyi, kinateleza kikashikwa taratibu.

Ni Parker 51, Shangazi. Ile ambayo wazee wakiitaja huongeza sauti. Zilianza kuuzwa 1941. Akaifungua mwili, ndani mkatokea bomba la chuma lenye kijifito cha kubonyeza, na maelekezo ya kujaza yamechorwa juu yake. Hii ndiyo namna iliyoanza 1948, na mfuko wake si mpira bali plastiki angavu, ndiyo maana hauozi. Akaomba glasi ya maji baridi kwa mama wa viungo, akatumbukiza ncha, akabonyeza. Vipovu. Akabonyeza tena. Maji yakapanda! Ikatema buluu nzito, ikanyonya, ikatema. Nilihesabu mara kumi na tisa mpaka maji yakatoka meupe. Kijana wa makava ya simu aliacha wateja akaja kutazama. Wino wa Babu, uliolala humo tangu sijazaliwa pengine, ulimwagwa kwenye mfereji wa Darajani na sisi watatu tukiusindikiza kwa macho.

Akavaa lenzi, akaikagua ncha. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanivua miwani na kunipa lenzi nitazame mwenyewe. Mwisho wa nibu kuna punje ndogo ya madini magumu, ndogo kuliko chembe ya mchanga, imepasuliwa katikati. Punje mpya huwa ya mviringo. Hii ya Babu imelika upande mmoja, wa kushoto, imekuwa bapa na inang'aa kama kigae kilichosuguliwa. "Babu yako aliilaza kalamu," akasema fundi, "tena aliipindisha ndani kidogo, hivi." Akakunja mkono wake. Shangazi, nilimwona Babu. Ule mkono wa kwapani, kiwiko kimetoka nje ya meza, ambao Bibi huwa anauigiza tukicheka. Umeandikwa pale kwenye punje.

Nikauliza, je, hiyo inaongeza bei au inapunguza? Akajibu bila kusita kuwa inapunguza. Mnunuzi anataka punje mviringo ili aizoeze mkono wake yeye.

Za mwisho mbili alizimaliza kwa dakika moja. Moja ni Platignum, ya skuli, nibu ya chuma imeshika kutu. Jina linalia kama madini ya thamani lakini dhahabu hamna. Nyingine haina jina popote, kifuniko kinang'aa dhahabu tupu. Nilikuwa nimeiwekea matumaini makubwa hiyo. Alitaka shilingi 5,000 kwa kazi yote, nikampa 10,000, akanirudishia elfu tano na kipande cha ngozi laini cha kuzifutia. "Kavu," akanisisitiza. "Kila kitu kavu mpaka ujue ni nini."

Kutoka hapo hadi kwa sonara ni hatua chache, ukipita kwenye kichochoro cha nguo ambacho lazima utembee ubavu. Sonara kijana, mcheshi, feni yake inapuliza kuelekea kwake tu. Nikamwonyesha ile inayong'aa. Akaisugua kidogo kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha asidi, na mstari wa dhahabu ukayeyuka mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Imepakwa tu. Lakini alipoona nibu za Swan na Conway Stewart akasogeza kiti. Zote mbili zimeandikwa 14 ct, na akanieleza kwamba kwenye kalamu nyingine utakuta 585, maana yake ni ile ile, sehemu 585 za dhahabu katika 1,000. Akazing'oa? Alitaka! Alishashika koleo. Alisema nibu moja ina uzito wa kama theluthi ya gramu, atanipa shilingi 30,000 kwa kila moja, mwili nibaki nao. Nikazirudisha kwenye leso kwa haraka iliyomchekesha. Nibu iking'olewa, dhahabu yake ni hiyo theluthi ya gramu, na hata hiyo si safi yote. Kinachobaki ni kijiti cha kijani. Sijui kalamu ngapi za wazee wetu zimeishia kwenye koleo hilo, na naumia nikiwaza.

Jua lilishapanda. Nilikula urojo kwa mama mmoja wa Mkunazini, bakuli shilingi 3,000, na ninakuapia kwamba kachori zake zinashinda za jirani yako wa Temeke. Alinitilia embe mbichi na chatini ya nazi, pilipili nikaomba kidogo akasikia nyingi. Nilitoka pale ninalia machozi na kucheka, na mkebe nimeukumbatia.

Mtaa wa Gizenga niliukuta umejaa wageni. Kuna duka la vikale humo, masanduku, saa za ukutani, sarafu, darubini za shaba, na ndani ya kabati la kioo, Shangazi, kalamu! Parker moja, ya muundo mwingine, klipu imelegea, na kikaratasi cha dola 80. Moyo ukanidunda. Nikafungua mkebe. Mwenye duka akazipanga kwenye kitambaa, akazitazama kwa upole, akaniambia zote sita shilingi 60,000. Nikamwonyesha kikaratasi cha dola. Akacheka kwa adabu, akasema hiyo ni bei anayoomba, na imekaa humo tangu Ramadhani iliyopita. Neno hilo limenisaidia kuliko yote niliyosikia leo. Nilikaa kwenye ngazi za duka jirani, nikanunua kifurushi cha intaneti cha shilingi 1,000, na badala ya kutazama watu wanaomba kiasi gani nikatafuta zilizokwisha kuuzwa. Parker 51 nyeusi kama yetu, inayofanya kazi, kifuniko hakina bonde, nimekuta zimekwenda kwa pauni 60 mpaka 100 huko Uingereza. Conway Stewart 84 yenye mpira mpya, kama pauni 50. Isiyotengenezwa, nusu ya hapo au chini. Swan iliyobadilika rangi, pauni 20 na kitu. Hero na Platignum, bei ya sahani ya biriani. Na hizo ni bei za kule, ukiwa na mtu wa kukufikishia na mnunuzi anayekuamini.

Kwa hiyo bati halijalipwa. Sehemu yake, labda, na kwa shida.

Nikataka angalau kuona Parker ikiandika. Ndipo nikagundua kuwa wino wa kalamu umehama mjini. Duka la kwanza la vifaa vya skuli walinipa wino wa printa. La pili, binti mpole sana alitoka na chupa ya wino wa muhuri, akaapa ni ule ule. Wa muhuri ungeziba kalamu kabisa, na nilimshukuru nikarudisha. La tatu wakaniuliza kwa huruma kwa nini nisinunue tu kalamu, shilingi 500, rangi nne.

Baada ya alasiri nikaingia Jaws Corner kupumzika. Wazee walikuwa wamejaa kwenye baraza, dhumna zinagongwa, muuza kahawa anazunguka na dele lake. Kikombe shilingi 200 bado, kashata 500. Nilikaa pembeni, nikafungua mkebe kuhakikisha hakuna kilichodondoka. Basi! Mzee aliyekuwa karibu akaliacha dhumna lake hewani. "Fifti-wani hiyo!" Mchezo ukavunjika. Zilipita mkono kwa mkono, na kila mzee aliifungua Parker kwa namna ile ile, bila kuizungusha, akaivuta tu taratibu kama anayevua kilemba cha mtoto. Lakini nikuambie kilichonishangaza. Waliishangilia Parker, wakaililia Hero. Mmoja alisema alipewa yake siku aliyofaulu darasa la saba. Mwingine, kaka yake nusura azikwe nayo, yaani waliitoa mfukoni wakamrudishia, wakakumbuka haifai, wakaitoa tena. Mwingine alitaka kunipa shilingi 20,000 kwa ile yetu, palepale, na mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nikamwambia nitauliza nyumbani kwanza.

Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama hakusema kitu. Aliondoka. Nilidhani amechoka na kelele. Akarudi baada ya dakika kumi na kichupa cha wino, nusu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara tatu. Alijaza Parker mwenyewe, akaifuta shingo kwa pindo la kikoi, akaomba karatasi. Muuza kahawa akatoa daftari lake la madeni. Mzee akaandika bismillahi kwa khati za Kiarabu, kutoka kulia, polepole. Kalamu ikakwaruza. Akaikunja kidogo, ikakwaruza bado. "Imezoea mtu," akasema. Nikakumbuka punje, nikamwambia, "Ilaze, mzee, kisha ipindishe ndani." Akatoa kiwiko nje kama Babu. Wino ukashuka kama mafuta ya nazi. Akaandika mstari mzima, akaongeza jina la Babu, ambalo sikumtajia. Walifanya kazi jengo moja, kumbe.

Hakutaka nimlipie wino. Alikubali kahawa.

Nilirudi kwa njia ya Forodhani, kwa sababu ningejilaumu nikifika Unguja nisinywe supu ya pweza. Kikombe shilingi 2,000, ndimu na pilipili, wauzaji wanaitana chini ya taa na moshi umetanda mpaka baharini. Vijana wanaruka majini kama kawaida. Nilinunua mikate ya ufuta minne ikiwa ya moto.

Nyumbani nikampa Bibi Conway Stewart ainuse. Akaisogeza mbali taratibu, akasema kalamu nzuri, lakini isilale chumbani kwake. Iko ukumbini, kwenye kabati la vikombe. Kisha nikampigia Baba Mdogo, nikamsomea bei zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema bati atalilipa yeye mwezi ujao, tusihangaike, kisha akakohoa, akauliza kama ile Hero kuna aliyeisemea. Nikamwambia ni yake.

Mimi naona hivi, nawe utasema: Conway Stewart isubiri mpira, nitamwagizia fundi pakiti yake, aubandike mwenyewe. Ikishaandika tutajua kama tunataka kuiuza. Swan naomba nibaki nayo mimi, na rangi yake ya chai. Ile ya dhahabu ya uongo wameshaigombania watoto wa jirani, na Platignum Bibi anafungulia kopo la maziwa.

Parker inakuja kwako kesho na boti ya saa moja asubuhi. Nimempa binti wa jirani, atakupigia akifika Dar. Nimeitoa wino ili isimwagike, ncha imeangalia juu, na kichupa cha karani kipo kando, kimefungwa mifuko minne sasa. Ukiifungua, kifuniko kinavutwa, hakizungushwi. Ijaribu kwanza kwa mkono wako, halafu kwa mkono wa Babu, kisha uniandikie kwayo nione. Mikate ya ufuta imo juu kabisa ya mfuko. Ipashe kwenye chuma kikavu, usitie mafuta.

Bibi amelala, lakini alisema nikuandikie kuwa ukuta wa ukumbini haukupakwa rangi upya, ulizibwa na kabati, na maua yako yapo.

Mwanao,
Unguja